Waya wa Saba

Mgeni kutoka Unguja akishuka Shinyanga hupokewa na mngurumo wa dizeli. Pale Tinde, njia inapogawanyika, moja ikienda Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine ikielekea Isaka na Kahama, malori hayakatiki usiku wala mchana. Isaka ni bandari ya nchi kavu: hapo shehena za Rwanda na Burundi hushushwa kutoka reli ya Tabora–Mwanza na kupakiwa kwenye malori ya masafa marefu. Fuso za mpunga ni dizeli, mabasi ni dizeli, matrekta ya pamba ni dizeli, na hata makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, yale yasiyofikiwa na umeme, yanazungushwa na injini za dizeli. Injini hizo hazina haja ya cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto mkali, na mafuta yakirushwa humo yanawaka yenyewe. Plagi, koili, distribyuta na nyaya zake ni mambo ya petroli, na petroli katika ukanda huu wa dhahabu ni ya bodaboda, ya gari ndogo za familia, na ya pikapu chache za zamani ambazo wenyewe hawako tayari kuziacha.

Mimi nilizifuata hizo chache.

Kwetu mambo yamekaa kinyume. Gari ndogo za petroli zimejaa mjini, zinashuka bandarini Malindi zikitoka Japani na Dubai, na nyingi za miaka hii zina koili juu ya kila plagi, hakuna waya katikati. Fundi kijana wa Amani au Mwanakwerekwe anaweza kumaliza mwezi mzima hajagusa waya wa plagi. Wanaozijua nyaya hizo ni wazee walioshughulika na zile Bedford za bodi la mbao, zilizokuwa zikibeba watu na mihogo kutoka shamba kuja Darajani, na wazee hao wanapungua. Kwa hiyo nilipofika Kahama kwa ndugu wa mke wangu, nikasikia kuna pikapu ya Land Cruiser ya petroli inayopeleka matimba kwenye machimbo ya Nyarugusu, Geita, na kwamba siku hizi inamisi, niliomba kuiona kabla sijamaliza chai.

Ni FJ75 yenye injini ya 3F: silinda 6 kwenye mstari mmoja, lita 4, kabureta. Watu wa huku gari za jamii hii huziita mkonga. Rangi yake nyeupe imebaki kwenye kingo za milango tu. Kwenye bampa la mbele kuna kitako cha chuma kilichokuwa kikishika antena ya redio kolu. Mwenyewe alinieleza kwamba gari lilikuja na watafiti wa madini miaka ya 1990, kabla simu za mkononi hazijafika Kahama, likapigwa mnada, likapita mikono mingi mpaka kumfikia yeye. Nyuma lilikuwa limejaa matimba, yaani magogo ya kuegemeza kuta za maduara, mashimo ya dhahabu, ili udongo usiwafunike wachimbaji. Juu ya magogo mapipa ya maji, na juu ya mapipa magodoro.

Usiku ule dereva alizima taa zote za uani, akafungua boneti, akawasha injini. "Shehe, sogea uone," akaniita. Kofia yangu ilikuwa imeshanipa jina hilo tangu stendi. Nikainama. Gizani, kando ya injini, cheche ndogo za buluu zilikuwa zikiruka kutoka kwenye waya mmoja kwenda kwenye chuma, zikapotea, zikaruka tena umbali wa vidole vichache mbele yake. Utingo akanyunyiza maji kidogo kwa chupa yenye kizibo kilichotobolewa, na nyaya mbili nyingine zikaanza kumeta. Kila umeme ulipotorokea chumani, silinda moja ilikosa moto wake, na gari zima likatikisika. Harufu ya petroli isiyoungua ilitoka nyuma mpaka ikamfukuza mbuzi aliyefungwa karibu na choo.

Kwetu fundi hupima mchana. Injini ikiwa inazunguka, huchomoa waya mmoja mmoja na kusikiliza: mlio ukibadilika, silinda ile ilikuwa nzima, usipobadilika, ndiyo mgonjwa. Nilipomweleza hivyo mzee mmoja, fundi wa Kahama, siku iliyofuata, alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema yeye haruhusu. Volti 12 za betri, zikipita kwenye koili, hutoka zikiwa zaidi ya 10,000, na zinaweza kupita 20,000. Ukizinyima njia ya kwenda kwenye plagi, zitatoboa njia yao wenyewe, ama ndani ya koili, ama kwenye rota, ama kwenye mkono wa fundi. Giza halitoboi kitu. Nimelifikiria neno lake mara nyingi tangu hapo, na naona ana haki. Mji wetu una taa kila kona, na labda tumesahau kwamba giza nalo ni kifaa.

Maadui wa waya nao si wale wale. Unguja ni chumvi. Ukivuta kofia ya mpira kwenye plagi ya gari lililolala pwani, ndani utakuta unga wa kijani umekula shaba, na mara nyingi kichwa cha waya kinabaki kwenye plagi huku mpira ukibaki mkononi. Kahama sikuona kijani hata kidogo. Adui wa kwanza pale ni vumbi la barabara ya Kakola, jepesi kama poda, linalokaa juu ya nyaya, likanywa mafuta ya injini, likawa ngozi nyeusi. Umande wa alfajiri ukilishika, umeme unapata daraja la kupitia nje ya waya. Wa pili ni joto la mchana, linalokausha mpira mpaka unapasuka ukikunjwa. Wa tatu sikumtegemea: panya. Msimu wa mavuno magunia ya mpunga hujazwa uani mpaka ukutani, gari linalala kando yake, na panya aliyeshiba mpunga hupanda kwenye injini yenye uvuguvugu na kutafuna. Ule waya uliokuwa ukitoa cheche kubwa ulikuwa na alama za meno, mbilimbili, kwa urefu wa kidole.

Asubuhi tukaenda kuchagua.

Kwetu ukienda duka la spea unataja gari na mwaka wake, muuzaji anageuka kwenye rafu, anaweka boksi juu ya meza, na kazi imekwisha. Nyaya zimo kwa seti, zimepangwa, hujazigusa mpaka umeshalipa. Duka tuliloingia Kahama lilikuwa na maboksi pia, lakini hakuna aliyeyakimbilia. Wateja walikuwa ukutani, ambako nyaya zilizovuliwa kutoka injini zilizokufa zilining'inia kwenye misumari kama pweza wa kukausha, fupi upande wa kushoto, ndefu upande wa kulia. Mama mwenye duka alikaa kwenye kigoda, kikapu cha michembe miguuni, na mbele yake palikuwa na mita ya kupimia umeme iliyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Salamu kwanza, na si fupi: safari, wazee, watoto, mvua ya huko mlikotoka. Ndipo akaisukuma mita kwetu. Mnunuzi hupima mwenyewe.

Mzee fundi alichukua waya wa kwanza, akaukunja kwa nguvu mbele ya macho yake akiuzungusha taratibu, akitafuta nyufa. Akaunusa, maana mpira ulioungua hauachi harufu yake. Akachungulia vichwa vyote viwili: bati la ndani lazima liwe linang'aa na lenye kubana, maana likilegea, cheche itaanza kuruka humo humo na kulila. Halafu akagusisha ncha za mita huku na huku. Ikasoma kilo-omu 9. Wa pili, 12. Wa tatu ukasoma 14 ulipolala, ulipokunjwa mita ikanyamaza. Akaurudisha ukutani, kwenye msumari wa pembeni ambao niligundua ni wa nyaya zilizokataliwa. Toyota wenyewe waliweka mpaka: waya mmoja usizidi kilo-omu 25. Mzee hakuwa na kitabu, lakini namba hiyo alikuwa nayo kichwani.

Nilimuuliza kwa nini tusichukue seti mpya ndani ya boksi. Mama akajibu kabla yake: "Baba, boksi tunaliuza, na wapo wanaolitaka. Ila hata la boksi tunalipima." Majina makubwa ya viwanda vya Japani huigwa, boksi linaweza kuwa zuri kuliko kilichomo. Waya wa mtumba umeshafanya kazi mahali, umeonyesha ulivyo. Siku zilizofuata, nilipofika Geita na kuingia kwenye soko la madini lililofunguliwa Machi 2019, nilikuta moyo ule ule ukiwa umejengewa nyumba: mchimbaji anaweka dhahabu yake kwenye mizani mbele ya macho yake, na mashine inasoma usafi wake kabla bei haijatajwa. Watu ambao riziki yao yote inaweza kukaa kwenye kiganja wamezoea kutoamini sura ya kitu. Unguja tunanunua kwa jina la muuzaji, kwa kuwa babu yake alimuuzia babu yetu. Ni uaminifu mzuri na ninaupenda, lakini kwenye injini ya zamani nimeanza kuuona kuwa hautoshi.

Kulikuwa na uchaguzi mwingine, wa moyo wa waya. Zipo nyaya zenye shaba tupu katikati, na zipo zenye nyuzi zilizolowekwa kaboni. Za shaba mita husoma karibu na sifuri, hazivunjiki ndani kwa urahisi, na madereva wengi wa zamani wanaziapia. Dereva wetu alizitaka. Mzee akatikisa kichwa na kunyoosha kidole kwenye kile kitako cha antena. Cheche inayopita kwenye shaba tupu hurusha mawimbi pande zote, na redio iliyo karibu hukoroma kwa kila silinda. Ndiyo sababu ya kaboni: ule ukinzani wake hutuliza mawimbi hayo. Watafiti walioleta gari hili, walioongea na kambi zao kwa redio peke yake kule porini, wasingeweza kusikizana kama nyaya zingekuwa za shaba. Ukilazimika kutumia shaba, alisema, basi tafuta plagi zenye ukinzani ndani yake, zile ambazo NGK huziandika herufi R. Dereva akakubali kaboni, maana husikiliza mpira wa Simba na Yanga safarini.

Kufunga kulifanyika chini ya mwarobaini. Kwetu mwenye gari huacha ufunguo akaenda zake kunywa kahawa barazani, akirudi analipa. Hapa hakuna aliyeondoka. Mwenye gari, dereva, utingo, mimi, na vijana wawili waliokuwa wakipita, wote tulizunguka boneti, na mzee alifanya kazi huku akiuliza maswali kama mwalimu. Yeye mwenyewe alifundishwa na mtu aliyewahi kufanya kazi Mwadui, mji wa almasi ulioanzia pale Mkanada John Williamson alipogundua mgodi mwaka 1940, na alilitaja hilo kwa fahari ile ambayo kwetu mtu hutaja chuo alichosomea.

Kanuni yake ya kwanza: waya mmoja unatoka, waya mmoja unaingia. Usivue zote. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, rota ikizunguka kama mshale wa saa, na namba moja ni silinda ya mbele, karibu na feni. Mpangilio huo ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya boneti, mwandiko wa mtu wa zamani. Bado hakuuamini peke yake. Mke wa mwenye gari alileta kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, na mzee akatia vitone kwenye kila kofia: kimoja kwa silinda ya 1, viwili kwa ya 2, mpaka sita. Vitone vile vile kwenye mfuniko wa distribyuta.

Mkono wake ulishika kofia ya mpira, kamwe haukushika waya. Aliizungusha nusu mzunguko kushoto na kulia mpaka ikalegea, ndipo akaivuta. Nyuzi za kaboni hukatika ndani bila kuonekana nje, na fundi anayevuta waya ananunua waya mwingine. Ndani ya kila kofia mpya alipaka grisi ya silikoni, tone dogo, kwa kijiti cha kiberiti. Mmoja wa vijana alimtolea mafuta ya mgando ya kujipaka. Mzee alimshukuru na kumweleza kwamba mafuta yale yanatokana na petroliamu, yatauvimbisha mpira na kuulainisha mpaka uchanike. Kisha akasukuma kofia kwenye plagi mpaka ikasikika kubana kwake, tik, akaivuta kidogo kuhakikisha.

Kwenye 3F plagi na distribyuta viko ubavu mmoja wa injini, na mabomba ya moshi yako ubavu wa pili, jambo ambalo ni neema kwa nyaya. Hata hivyo alizipitisha kila moja kwenye kishikio chake cha plastiki, zisigusane, zisilale juu ya chuma, zisivutike wala zisibaki na kitanzi kinachochezacheza. Kishikio kimoja kilikuwa kimevunjika. Utingo akakata kipande cha ndala ya zamani, akatoboa matundu mawili, kikawa kishikio.

Nyaya sita zilipokaa, vijana wakadhani kazi imekwisha. Mzee akauliza: "Na wa saba?" Hakuna aliyejibu. Akagusa waya mfupi unaotoka kwenye koili kuingia katikati ya distribyuta. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila waya wa plagi hupitisha cheche 1,000. Waya huu wa katikati hupitisha zote, 6,000. Ukiwa mbovu, injini nzima inaugua, na mtu anaweza kubadilisha sita zile mara tatu asipate nafuu. Ndio unaochoka kwanza na ndio unaosahaulika, kwa kuwa hauna namba. Akaupima. Kilo-omu 31. Tukarudi kwa mama, naye akatoa waya mfupi kutoka kwenye droo, si ukutani, kana kwamba alikuwa akitungojea.

Nimejaribu kukumbuka kama nyumbani nimewahi kumsikia fundi akiuliza juu ya waya wa saba. Huenda walio na Bedford walijua. Sikuwahi kusimama kwenye boneti kwa muda wa kutosha kumsikia, kwa sababu desturi yetu hunipeleka barazani.

Barabara ya kwenda Nyarugusu inapita Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu, kisha Bukoli. Upande mmoja nguzo kubwa za umeme na uzio mrefu. Upande wa pili wanawake wanaanika marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ukingoja kuoshwa tena kwa kuwa dhahabu haiishi kwa mkupuo mmoja. Gari lilipanda vilima vya Geita kwa mlio mmoja ulionyooka. Mbuga nyeusi za Shinyanga zilikwisha, udongo ukawa mwekundu, miti ikazidi, na hewa ikawa na unyevu wa ziwa. Tulivuka kijito maji yakifika kwenye vyuma vya katikati ya magurudumu, na injini haikukohoa. Dereva aliiwasha redio. Mtangazaji alisikika neno kwa neno.

Nyarugusu tulimkuta mwenye duara amesimama kando ya Hilux yake, injini ya 22R, silinda 4, boneti wazi, nayo inamisi. Dereva alivuta mfuko nyuma ya kiti, akatoa nyaya za zamani, zile zisizo na meno ya panya. Zilipimwa, mita ikaazimwa kwa fundi wa majenereta. Mmoja ulikuwa bado wa kufaa. Dereva, ambaye jana yake alikuwa mwanafunzi, sasa ndiye aliyeeleza: injini ya silinda 4 huwaka 1-3-4-2, kwa hiyo ya 3 na ya 4 ni jirani na zinafuatana, na nyaya zao zikilala sambamba zikigusana, umeme wa mmoja unaweza kumwamsha mwenzake kabla ya wakati. Akazitenga kwa upana wa vidole vitatu. Malipo yalikuwa waya mmoja kwa vijana wanne kushusha matimba yote, na wakaanza mara moja, wakipokezana magogo mpaka mdomoni mwa duara.

Mwenye duara aliposikia natoka Unguja, aliniuliza kama zile Bedford za mbao bado zipo, na kama nyaya zake hupatikana, hata za mtumba. Nikamwambia nitaulizia kwa wazee wa Darajani. Basi akaniandikisha kwenye daftari, akitaja polepole nisikosee: mbili, urefu sentimita 45, kichwa cha plagi kiwe kilichopinda, cha distribyuta kilichonyooka, moyo wa kaboni, na kabla sijalipa nipime.